Mama anaishi peke yake na watoto wake watatu tuko mbali: je, sisi bado ni familia moja?

Kitindamimba aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimesoma mijadala ya hapa kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo naandika kwa sababu jambo hili limenizidi kimo.

Mama yetu ana umri wa miaka 74 na amekuwa mjane kwa miaka mitatu. Anaishi peke yake katika nyumba tuliyolelewa, nyumba ya vyumba vinne ambavyo vitatu kati yake hufunguliwa siku ya kufagiliwa tu. Kaka, ambaye ni kifunguamimba, anafanya kazi nje ya nchi na hutuma fedha kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Dada wa katikati aliachika, akaolewa tena na mwanamume aliyekuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza, na wanaishi mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama. Mimi niko mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Mambo yetu yote tunayajadili katika kundi la WhatsApp ambalo kaka alilipa jina la "Nyumbani", ingawa hakuna hata mmoja wetu anayekaa nyumbani.

Mwezi uliopita mama aliteleza bafuni alfajiri, akavunjika mkono. Aliyegundua ni jirani, ambaye alishangaa kuona saa tatu asubuhi imefika na pazia la sebule bado halijafunguliwa. Aliingia akamkuta mama amekaa sakafuni, ameegemea ndoo. Akaitazama karatasi ya namba za simu iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, akapiga namba ya kwanza, ambayo ni ya kaka. Kwa hiyo mwanafamilia wa kwanza kupata habari alikuwa yule aliye mbali kuliko wote, na kwake kulikuwa bado usiku. Kaka akaandika kwenye kundi. Dada alikuwa kikaoni na simu yake ameizima. Mimi niliuona ujumbe saa sita mchana. Aliyefika kwanza, akasaidiana na jirani kumpeleka mama hospitalini, ni mtoto wa mume wa dada, kijana wa miaka 17 aliyekuwa likizoni, ambaye jirani anamfahamu kwa sababu hupita kwa mama karibu kila Jumamosi.

Katika kikao cha ukoo kilichofuata, mjomba alisema kwamba familia za siku hizi zimekufa, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwamba zamani jambo kama hili lisingetokea kwa kuwa nyumba haikukosa watu. Tuliinamisha vichwa. Niliumia, ila sikuwa na jibu.

Nina maswali matatu. Je, ni kweli kwamba familia za zamani zilikuwa kubwa na zenye mshikamano kama tunavyosimuliwa? Kati ya anayetuma fedha, anayeishi karibu na anayepiga simu kila jioni, ni nani hasa anayetimiza wajibu wake? Na yule kijana ni nani kwetu? Hospitalini walipomuuliza ana uhusiano gani na mgonjwa alinyamaza, hadi jirani akamjibia, "Ni mjukuu wake." Mjomba hakumtaja kabisa katika kikao.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu, na mfikishie mama pole zetu. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, hivyo nitashika swali lako la kwanza na kuwaachia wengine yale mawili.

Malalamiko ya mjomba wako yana umri mkubwa kuliko yeye. Frédéric Le Play, mhandisi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1882, alizunguka Ulaya akichunguza mapato na matumizi ya familia za wafanyakazi, moja baada ya nyingine, na alichokiona kilimtia hofu. Aliamini kwamba sheria ya urithi iliyoletwa na Napoleon mwaka 1804, iliyowataka watoto wagawane mali kwa usawa, ilikuwa imemnyang'anya baba uwezo wa kumkabidhi nyumba mrithi mmoja ambaye angebaki hapo na kuwatunza wazee. Ukiziondoa zile tarehe ukamsomea mjomba hoja hizo, nadhani atadhani ni zake mwenyewe.

Karibu miaka 80 baadaye, Peter Laslett, mwanahistoria wa Cambridge ambaye mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha utafiti wa historia ya watu na kaya, alifanya jambo ambalo wengi hawakuwa wamejisumbua kulifanya, nalo ni kuhesabu. Yeye na wenzake walikusanya orodha za zamani za wakazi wa vijiji na miji ya Uingereza na kuangalia nyumba moja ilikuwa na watu wangapi. Kwa zaidi ya karne tatu wastani ulizunguka kwenye 4.75, yaani hata watu watano hawakutimia, na nyumba zenye babu, baba na mjukuu chini ya paa moja zilikuwa chache. Ile picha ya babu mwenye ndevu nyeupe aliyezungukwa na vizazi vitatu ilikuwa bahati ya wachache waliojaliwa umri na mali.

Sababu mojawapo ni ya kusikitisha. Watu walikufa. Mwaka 1950, ambao si zamani sana, umri wa kuishi duniani ulikuwa wastani wa miaka 46 hivi. Mwaka 2023 ulifikia 73. Ni kweli kwamba wastani ule wa awali ulishushwa mno na vifo vya watoto wachanga, na aliyevuka utoto aliweza kufika uzeeni, lakini hata hivyo watoto wengi walikua bila kumfahamu bibi wala babu, na ndoa nyingi zilikatizwa na kifo kabla watoto hawajajitegemea. Mama wa kambo wa ngano za kale hakuletwa na talaka. Aliletwa na kifo cha mama mzazi, pengine wakati wa kujifungua. Familia ya dada yako, yenye watoto wa ndoa mbili, ingemshangaza mtu wa karne ya 17 kwa sababu moja tu, kwamba wazazi wote wa awali bado wako hai. Sheria za talaka zilibadilika sana katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na mfano unaotajwa zaidi ni wa California, ambako kuanzia mwaka 1970 wanandoa hawakulazimika tena kuthibitisha kosa la mmoja wao mahakamani. Lakini kaya za mchanganyiko zilikuwapo tangu zamani.

Sasa niseme neno la kumtetea mjomba, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimefanya kosa la kuipima dunia nzima kwa Uingereza. Mwaka 1965 mtakwimu John Hajnal alichora katika ramani ya Ulaya mstari kutoka Saint Petersburg, Urusi, hadi Trieste, Italia. Magharibi mwake watu walichelewa kuoa na wengi hawakuoa kabisa. Mashariki mwake walioa mapema, na karibu wote walioa. Sehemu kubwa za Asia na Afrika nazo zilikuwa na kaya kubwa kwelikweli, ambamo ndugu waliooa waliendelea kula chungu kimoja. Inawezekana kabisa kwamba mjomba anaieleza kwa uaminifu nyumba aliyokulia. Anachokosea ni kuichukulia nyumba hiyo kuwa ndiyo zamani yote.

Kilichobadilika hasa ni umbo. Katikati ya karne ya 20 mwanamke mmoja duniani alizaa kwa wastani watoto watano hivi. Leo ni wawili na kidogo, na katika Korea Kusini mwaka 2023 wastani ulishuka hadi 0.72. Nchini China, ambako sera ya mtoto mmoja ilidumu kuanzia mwaka 1980 hivi hadi 2015, kuna watoto ambao baba yao hana ndugu na mama yao hana ndugu. Mtoto wa namna hiyo hana mjomba, hana shangazi, hana baba mdogo wala mama mkubwa, na hana binamu hata mmoja; ana wazazi wawili, babu wawili na bibi wawili, wote wanamtazama yeye. Wataalamu wameifananisha familia hiyo na ufito, mrefu na mwembamba. Sisi wenyewe tunaanza kuyapoteza maneno hayo kwa njia nyingine, kwani wajukuu zangu humwita kila mwanamume mzima "anko" na kila mwanamke "anti", na ninapowaeleza tofauti ya mjomba na baba mdogo hunitazama kama nimewafungulia somo la hesabu.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo ningependa ulitafakari, ni kutofautisha kaya na familia. Kaya ni wanaolala chini ya paa moja. Familia ni wanaowajibikiana. Mwanasosholojia William Goode alitabiri mwaka 1963 kwamba viwanda na miji vingeifanya dunia yote ielekee kwenye familia ya mume, mke na watoto wao. Kaya kweli zimepungua ukubwa, tena kupita alivyodhani; katika sensa ya Japani ya mwaka 2020, asilimia 38 ya kaya zilikuwa za mtu mmoja. Lakini mtu huyo mmoja anayeonekana katika sensa anaweza kuwa na watoto wanaompigia simu, wanaomlipia matibabu na wanaogombana kwa ajili yake kama mnavyogombana ninyi. Mama yako ni kaya ya mtu mmoja. Sidhani kama ni familia ya mtu mmoja.

Mlezi wa Zamu alijibu:

Mwalimu, nakuheshimu, na nimejifunza mengi katika maelezo yako, lakini takwimu hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Nilimtunza baba yangu kwa miaka sita baada ya kupooza upande mmoja, na ningependa kumjibu dada yetu kuhusu swali la pili, ambalo naona ndilo linalowagawa ndugu.

Watu husema "familia ilimtunza". Hakuna familia inayotunza. Mtu ndiye anayetunza, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya malezi na matunzo isiyolipwa hufanywa na wanawake. Nyumba ile ya zamani ambayo mjomba anasema haikukosa watu, haikukosa mabinti ambao hawakusomeshwa, wakwe ambao hawakuulizwa, na shangazi asiyeolewa aliyelala chumba cha nyuma. Wanawake walipokwenda shule na kupata ajira, nyumba zikabaki tupu mchana, na kilichofuata kikaitwa kuporomoka kwa familia. Mimi ningekiita kuchelewa kwa wanaume kuziba pengo.

Kwetu tulikuwa wanne. Katika mwaka wa pili nilichoka, nikanunua daftari la mistari, nikaandika kila jambo lililofanyika kwa ajili ya baba kwa mwezi mmoja, nani alilifanya na lilichukua muda gani: kumgeuza saa nane usiku, kumkata kucha, kupanga foleni ya dawa, kubishana naye kuhusu meno ya bandia, kumsomea gazeti. Fedha za kaka zangu niliziandika pia, kwa haki kabisa. Mwisho wa mwezi nililipiga picha daftari lote, kurasa 31, nikalituma kwenye kundi letu bila neno lolote. Kwa siku mbili hakuna aliyeandika kitu. Siku ya tatu kaka yangu wa pili, ambaye sikuwahi kumwona akishika hata ufagio, alikuja na begi la nguo na kukaa wiki mbili. Alimkata baba kucha vibaya mno. Baba akamsamehe haraka kuliko alivyowahi kunisamehe mimi chochote, jambo ambalo hadi leo linanikera kidogo.

Kwa hiyo, dada, swali la nani anatimiza wajibu haliwezi kujibiwa kabla hamjaorodhesha wajibu wenyewe ni upi. Fedha ni kazi. Kuwapo ni kazi. Hata kukumbuka ni kazi, yaani kuwa yule mtu ambaye kichwani mwake zimo tarehe zote za kliniki na majina ya vidonge. Hiyo ndiyo isiyoonekana na ndiyo inayochosha kuliko zote. Nashuku dada yako ndiye aliyeibeba kwa miaka hii mitatu, na kwamba simu aliyoizima kikaoni siku moja ndiyo itakayokumbukwa.

Nchi kadhaa zimejaribu kuliweka jambo hili katika sheria. Singapore ilipitisha mwaka 1995 sheria inayomruhusu mzazi asiyejiweza kuwadai watoto wake matunzo, India ikafuata na sheria yake mwaka 2007, na China ilirekebisha sheria ya haki za wazee ili, kuanzia Julai 2013, watoto wanaoishi mbali wawajibike kuwatembelea au kuwajulia hali wazazi wao mara kwa mara. Fedha mahakama inaweza kuziagiza zikaja. Kumwagiza mtu aje na uso mkunjufu, hapo sioni hakimu atafanya nini.

Msomaji Kimya alijibu:

Kabla ya falsafa, wekeni vishikio vya ukutani na mkeka usioteleza bafuni, na mama awe na simu ndogo ya kuvaa shingoni. Kuanguka ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha kwa wazee popote duniani, na bafuni ndipo penye maji.

Kaka wa Ng'ambo alijibu:

Naandika kama mmoja wa wale wanaoitwa fimbo ya mbali. Nimeishi nje kwa miaka 14.

Dada, sitaki kumtetea kaka yako kwa kila jambo, lakini jaribu kuufikiria usiku wake ule. Simu imelia gizani, sauti ya mtu asiyemjua vizuri inamwambia mama yake yuko sakafuni, naye hawezi kufanya lolote ila kuandika kwenye kundi na kungoja. Sisi tulio mbali tuna hofu moja isiyosemwa, ambayo ni simu ya usiku. Nililala na simu chini ya mto kwa miaka mingi hadi mke wangu akanikataza, na tangu hapo huiweka kwenye kiatu kando ya kitanda.

Fedha zinazotumwa na wahamiaji kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati zilipita dola bilioni 600 mwaka 2022 kwa makadirio ya Benki ya Dunia, na nyuma ya kila muamala kuna mtu aliyefanya hesabu kama za kaka yako. Nakubali kwamba kutuma fedha kuna unafuu wake. Fedha hazinuki mkojo, kama alivyoniambia shangazi mmoja bila kupepesa macho. Lakini usidhani mtumaji haoni kwamba amejinunulia likizo. Anaona, na ndiyo sababu anatuma bila kukosa.

Nilijaribu kuuziba umbali kwa mitambo. Nilimwekea mama kamera sebuleni ili nimwone kupitia simu yangu wakati wowote. Siku nne nilimwona akipita, akikaa, akisinzia. Siku ya tano picha ikawa ya buluu tupu. Nikapiga simu kwa taharuki, akaniambia ameifunika kwa kitambaa kwa kuwa hakuzaa mtoto ili aje kuwa mlinzi wake. Tukakubaliana kwamba kila asubuhi atanitumia ujumbe wa sauti, hata wa neno moja. Mara nyingi husema tu, "Nimeamka." Ninazo jumbe hizo zaidi ya elfu moja, na sijafuta hata moja.

Ushauri wangu ni kwamba namba ya kaka yako iondoke juu ya ile karatasi, na aelezwe kwa upole kwamba hajavuliwa ukubwa wake. Mwenye namba ya kwanza awe mtu anayeweza kufika.

Mama wa Kambo alijibu:

Nimesubiri mtu amzungumzie yule kijana na naona wote mmemruka, kama mjomba alivyomruka.

Nililea watoto wawili wa mume wangu tangu wakiwa na miaka minne na sita. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana; wahenga hawakuuliza mwana huyo kamzaa nani. Hata hivyo kwa miaka mingi nilikuwa nikifika mahali fulani, kwenye fomu ya shule au kwenye meza ya hospitali, naulizwa, "Wewe ni nani kwa mtoto?" na ulimi unakuwa mzito. Ukisema "mama" unaogopa kumdhulumu mama yao aliye hai. Ukisema "mama wa kambo" unaona uso wa karani unabadilika. Kijana wenu alinyamaza kwa sababu hiyohiyo, wala si kwa kukosa mapenzi.

Binadamu hawajawahi kutegemea damu peke yake katika kutengeneza undugu. Roma ya kale iliwaasili hata watu wazima. Augusto mwenyewe, kaizari wa kwanza wa Roma, aliingia katika nasaba ya Julius Caesar kwa wosia, naye akamwasili Tiberius mwaka wa 4 baada ya Kristo ili ampate mrithi. Katika sheria ya Kiislamu, wawili walionyonyeshwa na mama mmoja wana undugu wa kunyonya na hawaoani, ingawa hawarithiani. Mwanaanthropolojia Janet Carsten aliishi na wavuvi wa Langkawi, nchini Malaysia, akaeleza jinsi watu wa huko wanavyoona kwamba undugu hukua polepole kwa kuishi nyumba moja na kula chakula cha jiko moja, hata baina ya wasiozaliwa pamoja. Niliposoma habari hizo nilihisi kwamba kuna mtu hatimaye ameniandikia fomu yenye nafasi yangu.

Lakini hisia ni kitu kimoja na karatasi ni kingine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Katika nchi nyingi mtoto wa kambo harithi moja kwa moja kutoka kwa mzazi wa kambo, sembuse kwa bibi wa kambo, na hana nafasi ya kuamua lolote kuhusu mgonjwa. Mama akitaka kijana huyo aruhusiwe kumsindikiza kwa daktari na kupewa maelezo, na aandike jina lake katika kumbukumbu za hospitali wakati akili yake ni timamu na mkono wake unaandika. Akitaka kumwachia kitu, hata kiti au redio, na aseme katika wosia. Wengi huahirisha kwa sababu wanaona aibu kuyasema haya mbele ya watoto wa kuzaa, kisha siku ya mwisho mtoto aliyekuja kila Jumamosi anaambiwa akae na wageni.

Na msimwambie kijana huyo "asante kwa msaada wako". Mtu humshukuru mgeni hivyo. Mkosoeni, mtumeni dukani, mgombezeni akichelewa. Atajua mwenyewe kwamba yuko ndani.

Kitindamimba aliandika tena:

Nawashukuru wote, na hasa Mwalimu kwa kunipa tofauti ya kaya na familia, ambayo nilimsomea mama kwa simu. Akauliza kama Mwalimu ana mke, nami sikujua nimjibu nini.

Nimesafiri na sasa nina siku ya tisa hapa nyumbani. Vishikio vimewekwa. Daftari nalo limeanza, nami nimeona kwa macho yangu kwamba Mlezi wa Zamu alikuwa na haki, kwa kuwa katika wiki moja jina la dada limetokea mara 22 na jina langu, mimi ninayepiga simu kila jioni, lingetokea mara saba tu kama nisingekuwa hapa. Nilimwomba dada radhi jikoni, wakati tunaosha vyombo. Hakusema kitu, alinipa sahani nyingine nikaushe.

Karatasi ya kwenye friji tulitaka kuipanga upya sisi wenyewe, tukaandaa utaratibu mzuri wenye zamu. Mama aliutazama, akaomba kalamu, na kwa kuwa mkono wake wa kulia bado una plasta aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi. Wa kwanza ni jirani. Wa pili ni yule kijana, kwa jina lake bila maelezo yoyote. Kisha dada, kisha mimi, na kaka wa mwisho, na kando ya jina la kaka ameandika "usiku asiamshwe".

Kaka tulimtumia picha ya karatasi hiyo. Amejibu kwa alama ya moyo, na hadi sasa hajasema kitu kuhusu wosia. Mjomba anakuja Jumapili, na kijana ameambiwa na mama awepo, avae shati lenye kola.